"Suggest" kimekubali, na ufunguo ulikuwa kwenye Kiswahili

Leo nimeandika sentensi 20 zenye "suggest" bila kukosea hata moja. Wiki tatu kitenzi hiki kimenitoa jasho!

"Explain" nilikimaliza mapema. Sisi humtia mtendewa ndani ya kitenzi, "alinieleza", ndiyo maana nilikuwa naandika "he explained me". Nikazoea "to me", yakaisha. Lakini "suggest" kilinirudisha pale pale kila siku: "he suggested me to go". Programu ya kusahihisha sarufi ilipiga mstari mwekundu, ikanipa sentensi nyingine, sababu haikusema. Kwa kazi hii nimeiacha. Kamusi ya wanafunzi, ile inayoonyesha kila kitenzi hufuatwa na nini, ndiyo iliyonitoa gizani.

Humo nikakuta "he suggested that she leave". Nikadhani ni kosa la chapa. Iko wapi "leaves"? Iko wapi "left"? Nikaisema kwa Kiswahili: alipendekeza aondoke. Aondoke! Ni ile -e yetu ya jambo linalotakiwa litendeke. Kiingereza hakina -e, kwa hiyo hukivua kitenzi kikabaki kitupu. Waingereza wengi huweka "should" hapo, nayo ni sahihi, ila mimi kwenye ripoti napenda kile kitupu.

Tena -e inatenganisha maana. "The results suggest that she is tired": matokeo yanaashiria kwamba amechoka. Hakuna -e, na "is" inabaki mahali pake. "Insist" nacho ni hivyo hivyo: alishikilia kwamba hana hatia, "insisted that he was innocent"; alisisitiza aondoke, "insisted that he leave". Nimekaa na jozi hizi hadi usiku, nazisoma kwa sauti.

Mtego upo kwenye vitenzi vya asili ya Kiarabu. "Kamati ilipendekeza ajiuzulu" haionyeshi -e yoyote. Hapo naweka "aondoke" kwa muda. Ikikaa sawa, naandika "recommended that he resign".

Wiki hii ilikuwa zamu ya "claim", "argue" na "state". Nimeviweka kando. Natengeneza kadi za "demand", "propose", "recommend" na "request", upande wa mbele Kiswahili kitupu, -e imekolezwa wino. Hadi sasa ziko 34.