Ndege ikilalia upande yenyewe kwenye DCS, kagua mihimili kwanza

Kijana mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp la DCS World, gemu ya kurusha ndege kwenye kompyuta, aliandika wiki iliyopita: "Kaka, nimenunua pedali, na sasa Su-25T inalalia kushoto tangu inapoacha ardhi. Joistiki nimeivuta mpaka mwisho, haisikii." Alishataka kuzirudisha dukani. Nikamwambia, subiri mdogo wangu, pedali zako nzima.

DCS World ikiona kifaa kipya cha USB hukipangia kazi bila kukuuliza. Mhimili ni mwelekeo mmoja wa kusogea wa kifaa. Ule wa X inaupa kazi ya kulaza ndege ubavu, wa Y kuinua na kushusha pua. Kwa joistiki ni sawa kabisa. Lakini kwenye pedali nyingi X na Y ndizo breki za magurudumu, zile unazozibonyeza kwa ncha ya mguu. Kwa hiyo joistiki inaamuru na breki nayo inaamuru. Kibaya zaidi, breki ambayo hujaigusa haikai katikati ya mhimili wake, inakaa mwisho kabisa. Gemu inasoma kwamba umelaza joistiki hadi ubavuni na hutaki kuirudisha.

Ingia Options, kisha Controls, chagua ndege unayoirusha, halafu fungua kundi la Axis Commands. Kila kifaa kina safu yake. Fuata mstari wa Roll (kulaza ubavu) kutoka safu ya kwanza hadi ya mwisho. Ukikuta JOY_X kwenye joistiki na tena kwenye pedali, futa ya pedali. Fanya hivyo kwa Pitch (pua) na Thrust (nguvu ya injini). Kwenye Rudder (usukani wa mkia) bakiza ya pedali, futa ya joistiki. Kila ndege ina mipangilio yake, kwa hiyo ukihamia nyingine, kama TF-51D, unaanza upya.

Sasa hakikisha. Ukiwa ndani ya ndege bonyeza Ctrl ya kulia pamoja na Enter. Kitatokea kisanduku chekundu chenye alama inayoonyesha gemu inapoiona joistiki yako. Ondoa mikono na miguu, kisha tazama ile alama. Ikiganda pembeni, bado kuna mhimili unaoingilia. Ikitetemeka, mara nyingi ni potenshiometa (kihisi kinachosoma mwendo wa joistiki) imechakaa au imeingia vumbi. Chagua mhimili huo, fungua Axis Tune, na kwenye Deadzone tenga sehemu ndogo ya katikati ambayo gemu itaipuuza, mimi huanzia 3, na usiiongeze hovyo maana joistiki itakuwa nzito kuitika. Ikitulia katikati na ndege bado inavuta, usivilaumu vifaa. TF-51D ni ya pangaboi, ukiiongezea nguvu ghafla itavuta kushoto tu, na hapo miguu yako ndiyo dawa. Su-25T nayo, ukiishatupa mabomu ya bawa moja, italalia upande uliobaki na mzigo.

Lingine linalowatesa wageni: ndege imewaka, nguvu umeweka, haisogei. Breki zinasomwa kinyume, yaani usipokanyaga ndipo zinabana. Chagua mhimili wa breki, fungua Axis Tune, weka alama kwenye Invert. Nguvu ya injini ikienda kinyume, dawa ni hiyohiyo.

Na ukichomoa waya ukauchomeka tundu jingine, DCS inaweza kukiona kifaa kilekile kama kigeni. Kazi yako yote inapotea na mihimili ya kugongana inarudi. Mimi nimebandika plasta yenye namba kwenye kila waya na kila tundu la kompyuta, na kwangu hilo limekoma. Ukimaliza kupanga ndege moja, bofya safu ya kifaa, kisha Save Profile As, hifadhi faili pembeni kwa jina la ndege na la kifaa. Siku mipangilio ikipotea, unachagua Load Profile kwenye safu ileile na unaruka.

Yule kijana alifuta mistari miwili tu. Sasa anauliza jinsi ya kulenga roketi, nayo nitaiandikia.