Vibua vya msimu wa kusi

Jamani, niwaambie kilichonipata wiki hii hapa Malindi.

Kusi limekaza. Bahari chafu, mashua nyingi zimevutwa ufuoni, na hotelini tumepumzishwa mpaka wageni warudi. Jumapili kapu la sadaka liliponifikia nilikuwa na mia mbili mfukoni. Nikalipitisha, nikajiambia Mungu anajua hali. (Hiyo mia mbili iliisha jioni kwa bando. Nichekeni tu.)

Jumanne nikaenda kwa mama karanga wetu, yule muuza samaki wa kukaanga, kutafuta vichwa vya samaki, maana ni rahisi. Akanitazama, akanifungia vibua vinne kwenye gazeti.

"Mama, sina."

"Kwani nimekuuliza, mwanangu? Utanipa kaskazi ikirudi."

Na beseni lake lenyewe halikufika nusu.

Huyu mama hukaa benchi la nyuma kanisani, hajawahi kushika maikrofoni. Anayeongoza maombi ni mimi!

Usiku nikafungua 2 Wakorintho 8. Paulo anawaeleza Wakorintho habari za Wamakedonia, watu maskini kabisa, waliomsihi awape nafasi ya kuchangia watakatifu wa Yerusalemu. Kumsihi mtu akuruhusu utoe? Nilikwama hapo muda mrefu. Miaka 11 ya wokovu, na bado natoa kinachobaki.

Leo nimemsaidia kubeba beseni. Akanituma mtaa wa Shela na samaki watatu kwa bibi mmoja mgonjwa, Mwislamu, jirani yake wa zamani. Kumbe humpelekea kila wiki. Tuktuk sikupanda.