Sikukuuliza Kama Inatosha

Ni usiku wa tisa tangu tulipomzika binamu yangu, na maneno machache ya Shangazi bado yananirudia kila ninapozima taa. Katika siku hizo tisa nimethibitishwa kazini na mdogo wangu amejifungua pacha salama, nami namshukuru Mungu kwa yote mawili. Lakini nikikaa kuandika, mawazo yanakwenda kule kule, kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango, ambapo Shangazi alinishika mkono waombolezaji walipokwisha kuondoka.

Mnaoifuata shajara hii mnamjua. Ndiye aliyenifundisha Sala ya Bwana kabla sijajua kusoma, na ndiye aliyemwombea mwanawe kwa miaka yote aliyokaa mbali na kanisa. Alisema, "Mwanangu amenifia, baba. Sasa niambie wewe unayefundisha darasa la Biblia: Kristo alimfia yeye?" Nikajibu, "Shangazi, damu ya Kristo inawatosha watu wote." Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akasema polepole, "Sikukuuliza kama inatosha. Nimeuliza kama alimfia." Nikainamisha kichwa, nikasema kwamba jambo hilo ni zito na kwamba tutalizungumza akishapumzika.

Alitumia kitenzi kimoja mara mbili, na mara zote mbili kilikuwa mahali pake. Mtoto akimfia mzazi, aliyebaki ndiye aliyepoteza. Kristo akimfia mtu, aliyefiwa ndiye anayepata uzima. Shangazi alikuwa amesimama katikati ya maana hizo mbili, akitaka kujua kama ile ya pili ilimfikia mwanawe, nami nikampa hesabu ya thamani ya damu.

Jibu langu halikuwa la uongo, na hilo ndilo linalonichoma. Ni jibu la kale, ambalo mwanatheolojia Peter Lombard aliliweka katika maandishi yake katika karne ya 12: Kristo alijitoa kwa ajili ya wote kwa upande wa utoshelevu wa fidia, bali kwa ajili ya wateule, yaani wale Mungu aliowachagua waokolewe, peke yao kwa upande wa matokeo yake. Sinodi ya Dordrecht, mkutano wa kanisa la Kiprotestanti uliofanyika Uholanzi mwaka 1618 hadi 1619, nayo ilikiri kwamba kifo cha Mwana wa Mungu chatosha tele kufidia dhambi za ulimwengu mzima, kisha ikafundisha kwamba kusudi la Baba lilikuwa nguvu yake ya kuokoa iwafikie wateule tu. Chakula kinaweza kuwatosha watu mia moja ilhali walioalikwa ni ishirini. Shangazi aliuliza kama mwanawe alialikwa, nami nikamsifia wingi wa chakula.

Siwadharau wanaosema kwamba Kristo aliwafia wateule peke yao, kwa maana wanalinda jambo ninalolipenda kwa moyo wote, yaani kwamba msalaba unaokoa kweli, wala haukutuachia tu nafasi ya kujiokoa. Wanasoma kwamba Mchungaji anautoa uhai wake kwa ajili ya kondoo, na kwamba usiku ule kabla ya kusulubiwa alisema hauombei ulimwengu. Swali la John Owen, mwanatheolojia Mwingereza wa karne ya 17, kwamba kama kutoamini nako ni dhambi, na Kristo amelipia dhambi zote za watu wote, basi ni kwa nini mtu ahukumiwe kwa kutoamini, limenisumbua kwa miaka mingi, na sidhani kwamba limejibiwa na wote wanaolipuuza.

Hata hivyo, nikirudi kwa Yohana mwenyewe, katika waraka wake wa kwanza, nakuta kwamba Kristo ni kipatanisho "wala si kwa dhambi zetu tu, bali na kwa dhambi za ulimwengu wote", na siwezi kuufanya ulimwengu huo kuwa jina jingine la wateule, kwa kuwa katika waraka huo huo ulimwengu ndio unaowachukia waaminio. Petro anawataja walimu wa uongo wanaomkana Bwana aliyewanunua. Isaya anaanza na maovu yetu sisi sote na kumalizia na dhambi za watu wengi, bila kuona kwamba neno moja linalifuta jingine.

Alhamisi usiku nilikuwa nikiandaa somo la Hesabu 21, na hapo ndipo kifua kilipofunguka. Nyoka wa shaba aliwekwa juu ya mti kwa ajili ya kila aliyeumwa na nyoka katika kambi ya Waisraeli, si kwa ajili ya wale tu ambao wangeinua macho, aliyetazama aliishi. Bwana wetu alijifananisha na nyoka huyo. Wale ambao Sinodi ya Dordrecht ilikuja kuwakataa walikuwa wamekwisha kusema hivyo mwaka 1610: Kristo aliwafia wote, lakini anayeupata msamaha ni yule aaminiye. Nililia, kwa sababu niliona kwamba swali la Shangazi lilikuwa na jibu la neno moja. Kama mwanawe alitazama, na saa ngapi, hilo silijui. Katika kambi ile, sumu ikiwa imekwisha kupanda mwilini, ni nani angeweza kuona macho ya kila mtu?

Jumamosi nilimpigia simu. Nikasema, "Ndiyo, Shangazi. Alimfia." Akanyamaza, kisha akasema, "Basi ungeniambia siku ile, baba." Sikuwa na la kujitetea, nikamwomba radhi. Sauti yake ilikuwa imekauka, na dada wa marehemu amenidokeza kwamba tangu mazishi hajameza dawa zake za shinikizo la damu.