Nilidhani nasoma vitabu vingi, kumbe nasoma kitabu kimoja

Mwaka juzi Desemba nilikaa nikaorodhesha kwenye daftari vitabu vyote nilivyosoma tangu Januari, na nia ilikuwa kujisifu tu, si mnajua mambo ya mwisho wa mwaka. Vikafika 31. Nikajipigia makofi. Afu sijui nini kiliniingia nikachora mistari pembeni, nikaanza kujaza mwandishi katoka wapi, mwanamke au mwanaume, kitabu kiliandikwa mwanzo kwa lugha gani, na hapo ndo raha yote ikaniishia. Vitabu 24 ni vya Wamarekani na Waingereza, na zaidi ya nusu ya hivyo ni upelelezi, yule yule mpelelezi mlevi aliyeachwa na mke, anabadilisha jina na mji basi. Wanawake wanne. Tafsiri moja. Mashairi sifuri. Yaani nilikuwa kama mtu anayejitapa katembea sana, kumbe siku zote anazunguka ua wake mwenyewe.

Nikaja na mpango wa kibabe: kila mwezi sehemu moja ya dunia, nikachora na chati ya rangi. Januari niliweza, Februari nikajikokota, Machi nikajikuta nasoma kitabu kinene kama tofali kwa sababu tu zamu ya hiyo nchi imefika, na kusoma kwa zamu hakuna tofauti na homuweki. Kuna Mwingereza mmoja, Ann Morgan, mwaka 2012 alijiwekea kusoma kitabu kimoja kutoka kila nchi ya dunia ndani ya mwaka huo huo, nchi 196, na alipofika São Tomé na Príncipe akakosa kitabu kilichotafsiriwa kwa Kiingereza, ikabidi watu wajitolee kumtafsiria kimoja kutoka Kireno. Namvulia kofia. Ila mi sina watu wa kujitolea, nina simu yenye chaji asilimia kumi na usingizi unaoanza saa tatu.

Chati nikaichana, nikabaki na sheria moja: kitabu kinachofuata kisifanane na nilichomaliza kwa mambo mawili angalau. Nimetoka kwa mwanaume anayeandika Kiingereza, naenda kwa mwanamke aliyetafsiriwa. Nimetoka kwenye riwaya ya juzi juzi, natafuta diwani, au kitabu cha mtu aliyekufa zamani, au cha watoto, maana utofauti si pasipoti ya mwandishi peke yake. Wapelelezi wangu sikuwafukuza, ila siku hizi hawakai viti vyote vya mbele.

Hivyo ndo nilivyomfikia Mariama Bâ wa Senegal. Riwaya yake ya mwaka 1979, aliyoiandika kwa Kifaransa, ni barua tu, mjane anamwandikia rafiki yake wa tangu utotoni, na ni fupi kiasi kwamba niliimaliza jioni mbili halafu nikakaa na taa inawaka bila kufanya chochote. Humo hamna maiti ya kutafutiwa muuaji. Kuna mume ameoa rafiki wa binti yake mwenyewe, na mke anayeeleza hilo kwa utulivu unaotisha kuliko bastola.

Sasa tuongee ukweli, kuna kitu kinakatisha tamaa na watu hawakisemi: majina. Mi Warusi walinitesa. Kwenye riwaya ya Dostoevsky ambayo mhusika mkuu ni kijana anaitwa Raskolnikov, nilishafika mbali nikawa najiuliza huyu Avdotya Romanovna katokea wapi tena, kumbe ni Dunya, dada yake Raskolnikov, tunaye humo siku nyingi tu. Na Raskolnikov mwenyewe ni Rodion Romanovich, na mama yake akimdekeza ni Rodya. Nikataka kukitupa. Afu nikajiuliza, mbona mtu akiitwa Abdallah kazini, Dula kwa washkaji na Baba Zai nyumbani simchanganyi? Kwa sababu nimemzoea, basi. Tangu hapo nakunja kipande cha karatasi, naandika majina na nani ni nani wa nani, na karatasi hiyo hiyo ndo alama yangu ya ukurasa. Kurasa hamsini za kwanza naangalia karatasi kila dakika, baada ya hapo naisahau kabisa.

Kitu ambacho sikukitegemea ni kuanza kuwajua wafasiri. Zamani jina la mfasiri nilikuwa naliruka kama jina la mpiga chapa. Siku hizi naliangalia kwanza, na kumbe kuna tuzo zinazowathamini, ile International Booker tangu 2016 inagawa pauni 50,000 nusu kwa mwandishi nusu kwa mfasiri, hakuna mkubwa hapo. Na ni haki yao jamani. Angalia Mwalimu Nyerere alivyofasiri tamthilia ya Shakespeare ya yule mfanyabiashara wa Venice, mwaka 1969, jalada likasema Mabepari wa Venisi. Mabepari! Neno moja tu na ushajua mfasiri kasimama upande gani.

Afu kuna Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliyepata Nobel ya fasihi mwaka 2021. Riwaya yake ya 1994 niliisoma kwa Kiingereza, baadaye nikaisoma kwa Kiswahili, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022, na ilinichanganya kwa namna nzuri sana. Wale watu wa hadithi nilihisi wanaongea Kiswahili tangu mwanzo, kwa hiyo niliyoisoma kwanza ndo ilikuwa kama tafsiri, hii ya pili ni kama wamerudi kwao wamevua viatu.

Si vyote vilinoga lakini. Kuna kimoja, sikitaji, cha nchi ambayo sikuwahi kusoma kitu chake, kilinichosha hadi nikawa nafurahi umeme ukikatika. Na bado niliona aibu kukiacha, kama vile namtukana kila aliyezaliwa huko. Nikakivumilia wiki tatu! Upelelezi mbovu naacha ukurasa wa ishirini bila hata kupepesa, sasa kwa nini mwandishi huyu nimbebeshe ubalozi ambao hakuuomba? Kitabu kibaya ni kibaya. Nikakifunga, nikatafuta mwandishi mwingine wa nchi hiyo hiyo, na huyo wa pili nilimaliza ndani ya siku nne nikiwa nasoma hadi kwenye foleni.

Saa hizi nina tamthilia mkononi. Sijawahi kumaliza tamthilia bila mwalimu kunisimamia, kwenye karatasi naziona kavu kama dakika za kikao, ikabidi nibadili mbinu, nafunga mlango nasoma kwa sauti, kila mhusika nampa sauti yake, mzee nampa ya kukwaruza, mke wake naye nampa ya juu juu. Jana nikiwa katikati ya ugomvi wao mtoto wa dada yangu akagonga mlango, akauliza anko, huyo mama anayekufokea ni nani.