Mbona haipumui?

Boksi nililificha kwenye buti ya gari siku mbili nzima, chini ya gunia la mchele, manake mama Neema alikuwa ameshanionya kuhusu vitreni vyangu na mwezi ule bili ya gesi ilikuwa imetupiga vibaya. Hii ni Februari 2017, tunaishi Manchester, mimi niko bohari shifti ya usiku. Kilichokuwa ndani ya boksi ni injini moja ya treni ndogo inaitwa LMS Garratt (LMS lilikuwa shirika la reli la Waingereza), kipimo cha 1:76, yaani ya kweli imepunguzwa mara 76, ya Heljan wale wa Denmark, mtu aliitumia kidogo akaichoka akaja kuiuza kwenye ukumbi wa kanisa ambako wazee wa Kizungu hukutana kuuziana treni ndogo. Akasema pauni 180, nikamshusha hadi 160. Kumshusha bei mzee wa Kiingereza ni kazi, habishani na wewe, anabadilika rangi tu na kuangalia viatu vyake, mpaka unaona aibu wewe mwenyewe.

Sasa niseme kwanza kwa nini Garratt, ju watu wakisikia nanunua treni ndogo wanadhani nimeiga tu mambo ya Wazungu.

Mzee wangu alikuwa fayamani, yule anayelisha moto wa injini. Shedi ya Voi, enzi za East African Railways, kwenye zile injini za klasi 59 zilizokuwa zinavuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Zilikuwa 34, zikajengwa 1955 na 1956, kila moja ikapewa jina la mlima, na kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252. Mimi nimezaliwa 1971 kwa hivo nilizikuta mwishoni mwishoni, zilikuwa zinatolewa moja moja hadi kufika 1980 zimekwisha, lakini hicho kidogo nilichokiona hakijanitoka. Tukiwa watoto pale landi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, tulikuwa tunajua inakuja kabla hatujaiona, ardhi inaanza kutetema kwenye nyayo, sufuria za mama zinagongana zenyewe, alafu huyo hapo, kitu cha rangi ya damu ya mzee, kirefu ajabu, tangi la maji mbele, boila la kuchemshia mvuke katikati, tangi lingine nyuma, na mpaka kiishe kupita ushasahau ulikuwa unaenda kununua nini dukani.

Garratt kwa kifupi ni injini mbili zimebeba boila moja kama wanaume wawili waliobeba mgonjwa kwa machela. Kila injini ina magurudumu yake na pistoni zake, na ikifika kona wa mbele anakata kivyake na wa nyuma anakata kivyake, mgonjwa katikati ametulia. Alafu uzito wote ule umegawanywa kwa magurudumu mengi kwa hivo hata reli nyembamba inavumilia. Kwa njia yetu ilikuwa dawa, ju kutoka baharini Mombasa hadi Nairobi unapanda zaidi ya mita 1,600 na kona ni za kumwaga.

Na zilitengenezwa wapi? Hapa hapa Manchester, Gorton, kiwanda cha Beyer Peacock. Nilipohamia huku sikujua, mzee ndiye aliyeniambia kwa simu, "Uko Manchester? Basi uko kwa wakwe zangu." Kiwanda kilifungwa 1966. Ila kwenye jumba la makumbusho mjini ipo moja ilitengenezwa Gorton ikapelekwa Afrika Kusini, namba 2352, ilifanya kazi huko kisha ikarudishwa. Nilisimama pembeni yake, kichwa changu hakivuki gurudumu kwa mbali sana, nikapiga picha nikamtumia mzee. Akajibu baada ya siku mbili: Nzuri, lakini ya kwetu ilikuwa na sura.

Klasi 59 ndogo ya kuweka mezani sikuwahi kuikuta kwenye meza yoyote ya wale wazee. Ila hii LMS ni binamu yake, kiwanda ni kile kile, zilijengwa 33 kati ya 1927 na 1930 kwa ajili ya kuvuta makaa ya mawe kutoka Toton kwenda London. Nilipoiona pale kanisani, nyeusi, imelala kwenye sponji yake, matangi huku na huku na boila katikati, miguu iliniishia. Hapo pauni 160 sikuziona kama pesa.

Jumamosi jioni nikapata nafasi. Mama Neema alikuwa ameenda kwenye chama cha akina mama, nimebaki na Neema, miaka tisa. Nikaleta boksi. Kuitoa tu ilikuwa shughuli, nzito kuliko unavyodhani, sentimita 35 hivi za chuma, inabidi uishike kwa mikono miwili kama kitoto kichanga ju imekatika sehemu mbili na kila upande unataka kuning'inia. Inanukia mafuta ya mashine. Nikawasha taa ya simu nikaanza kuikagua: ribiti zote zipo, vipaipu vyembamba kama sindano, ngazi ya kupandia dreva, na ukiisukuma kidogo kwa kidole zile fito za pembeni zinapiga hatua mbele na nyuma, mbele na nyuma, pande zote mbili. Neema akasema, "Baba, unaongea na treni." Sikuwa nimejua naongea.

Tukapanga reli juu ya meza ya chakula, duara ile ndogo ninayoitumia siku zote, na hapo nikaharibu. Zile kona ni za nusu kipenyo milimita 371, zinatosha kwa vijinjini vifupi, lakini hii ni ndefu, ilifika kona ya kwanza injini ya mbele ikakata vizuri, ya nyuma ikakataa, boila likajitokeza nje kama tumbo la mtu anayepita mlangoni kwa upande, alafu taratibu kabisa ikalala ubavu. Sentimita kumi zaidi ingeenda sakafuni. Moyo ulisimama. Neema naye, "Imelala, baba," kwa ile sauti ya daktari anayeleta habari.

Sina meza kubwa zaidi, kwa hivo uamuzi ukawa sebule. Sofa tukaisukuma hadi kwenye korido, meza ndogo ikapanda juu ya sofa, nikatoa kona pana zilizokuwa chini ya kitanda, hizi ni za milimita 505. Zulia halifai kwa treni, manyoya yanaingia kwenye gia, basi nikatandaza maboksi niliyokuwa nayabeba kazini, nikayabandika na selotepu, reli juu yake. Nikapangusa reli na kitambaa chenye spiriti, ju hizi injini zinakula umeme kupitia reli zenyewe, volti 12, kukiwa na uchafu inashtukashtuka kama bodaboda iliyotiwa petroli ya chupa.

Nikazungusha swichi kidogo. Haikwenda. Kidogo tena. Ikaondoka.

Sijui nieleze vipi. Sio kasi, kasi ni ya watoto. Ni ile inavyoondoka polepole sana mpaka unajiuliza ni macho yako au ni yenyewe, alafu unaona fito za mbele zinapanda na za nyuma zinashuka, hazilingani, kila upande na hesabu yake, na nyuma yake mabehewa ya makaa yananyooka moja moja, tik, tik, tik, koplingi zinavutana mpaka la mwisho. Nilikuwa nayo kumi na moja. Ikaingia kona, na safari hii wa mbele akakata, mgonjwa akatulia, wa nyuma akafuata. Nikalala chini kabisa shavu kwenye zulia, jicho moja nimefunga, ndio uione kwa urefu wake wa kweli, inakujia usoni, na ukikaza macho unasahau miguu ya kiti iliyoko nyuma. Neema akalala upande wa pili. Tukakaa hivo sijui dakika ngapi.

Ndivyo mama Neema alivyotukuta.

"Baba Neema, umeanguka?"

"Hapana."

"Sofa limefanya nini korido?"

Kabla sijapanga jibu Neema kasema, "Baba alinunua treni kanisani."

"Kanisani siku hizi wanauza treni?"

Nikanyamaza. Akaruka reli na viatu mkononi, akasimama katikati ya duara, akaiangalia ikimzunguka. Nilikuwa nasubiri swali la bei. Akasema tu, "Hii si ndio ile ya babu? Sasa wewe umelala hapa peke yako na babu hajaiona."

Nikaangalia saa. Kwetu saa mbili usiku, Voi saa tano. Lakini mzee wa reli halali, miaka yote ya zamu imemharibu, na kweli mpwa wangu alishika simu mara ya kwanza, akaenda nayo kwake. Video inakatakata, sura ya mzee inakuja vipande vipande kisha inajikusanya.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, nataka uone kitu."

Nikageuza kamera. Kimya. Nikadhani mtandao umekatika. Alafu nikasikia, "Sogea. Sogea tena. Simamisha hiyo kitu." Nikasimamisha. "Pitisha simu kutoka mbele, polepole." Kumbe anahesabu magurudumu. "...kumi na nne, kumi na sita. Kumi na sita tu?"

"Ndio baba, hii ni ya Waingereza."

"Yangu ilikuwa na ishirini na nane."

"Najua baba."

"Inakula nini, mafuta au makaa?"

"Makaa."

"Ah. Basi fayamani wake alikuwa na taabu. Sisi tulikuwa tunafungua mafuta kwa valvu, unaangalia moshi, ukiwa mweusi umezidisha." Alafu akauliza uzito, nikamwambia tani 155. Akauliza reli yao upana gani. Nikamwambia mita moja na nukta 435, na yetu ya zamani ilikuwa mita moja kamili. Hapo akatulia, nikaona anapiga hesabu, akaanza kucheka. "Kwa hivo wao reli pana na injini ndogo, sisi reli nyembamba na injini kubwa?" Akamwita mpwa wangu aje asikie. Akaisema tena. Akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa naijua hiyo hesabu siku nyingi lakini sikuwahi kuiona ikimfurahisha mtu hivyo. Miezi ile yeye alikuwa anakaa barazani anaangalia reli mpya ya SGR imeshapita Voi inangoja kufunguliwa, na kila nikimuuliza alikuwa anasema ni nzuri, ni nzuri, basi.

"Haya, endesha."

Nikaendesha. Ikazunguka mara moja, mara mbili. Kinachosikika ni kile kimlio cha mota, kama cherehani ya jirani.

"Mbona haipumui?"

Nikaanza kueleza kwamba kuna watu wanafunga kispika kidogo ndani, kina sauti iliyorekodiwa, lakini ni pesa nyingine na... mama Neema akanitazama kwa lile neno pesa, nikaacha.

"Weka simu chini hapo kwenye reli," mzee akasema. "Punguza mwendo. Punguza. Hiyo ina mzigo, haikimbii."

Nikaegemeza simu kwenye mguu wa meza. Na mzee akaanza kupumua. Kwa mdomo, na kiganja anapiga kwenye meza yake huko Voi. Pumzi nne kila gurudumu likizunguka mara moja, chah-chah-chah-chah, hiyo ni injini ya mbele. Alafu kiganja ndio injini ya nyuma. Mwanzo wanakwenda pamoja, unasikia kishindo kimoja kimoja, kizito, kisha polepole mmoja anachelewa, sauti zinaanza kupishana, zinakuwa nyingi, zinachanganyikana kama ngoma mbili za arusi mbili tofauti, unadhani amekosea, alafu zinaanza kutafutana tena, zinakaribiana, zinakaribiana, na kishindo kinarudi kimoja. Garratt ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilikuwa nimeisahau kabisa hiyo na masikio yangu yalikuwa hayajaisahau, nywele za mkono zilisimama.

"Tumevuka daraja la Tsavo," akasema katikati ya pumzi. "Sasa tunapanda Kenani. Mpe mafuta kidogo."

Nikampa mafuta kidogo, yaani nikazungusha swichi unywele mmoja. Neema akaanza kupiga kiganja sakafuni, akakosea, akasubiri, akaingia tena. Mama Neema kavua koti, kakaa chini kwenye maboksi.

Alafu sauti ikakatika. Bando la mpwa wangu. Kwenye skrini mzee kaganda, mdomo wazi, mkono mmoja juu kama ameshika kamba ya filimbi. Nikapiga tena, hapatikani. Tena, hapatikani.

"Babu ameshafika?" Neema akauliza.

Nikamwambia bado, Mtito Andei iko mbele kidogo. Nikaiacha izunguke mara nne zaidi ndio nikazima.