Ukurasa Usioisha

Mwaka ule wa masomo, 2018 kwenda 2019, umeme nyumbani kwetu Kadutu, mjini Bukavu, ulikuwa na saa zake, nazo zilikuwa za usiku wa manane. Ukirudi, mtaa mzima unaamka: huyu anapiga pasi, yule anachomeka simu, watoto wanashangilia kama timu yao imefunga bao. Mimi Mama alinishika bega. "Amka, Papa. Umeme umerudi, soma." Kwetu Bukavu mama humwita mwanawe wa kiume Papa hata akiwa bado ananyonya.

Nilikuwa finalisti, yaani mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, sehemu ya Kemia na Biolojia. Mbele yangu kulikuwa na mtihani wa Serikali, zile siku 4 ambazo kila familia ya Kongo inazijua, na kwenye jalada la daftari la kemia niliandika kwa kalamu nyekundu: DAKTARI. Mama hakujua kusoma. Siku moja aliniuliza pale pameandikwa nini, nikamwambia, na tangu siku hiyo akawa analipangusa vumbi daftari lile kwa kitenge chake.

Simu ya kugusa aliniletea mjomba mwezi wa 10. Darasani tukafungua kundi la WhatsApp ili tupeane maswali ya mitihani iliyopita, na wiki 2 za kwanza tulipeana kweli. Kisha zikaja video, zikaja habari za mpira na mabishano ya usiku kucha. Saa chache za umeme, ambazo Mama aliniamshia, zikaenda huko.

Kuna kitu kingenizindua mapema. Baada ya uchaguzi wa 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchi nzima, ikakaa karibu siku 20. Siwezi kuusifu uamuzi ule. Watu walikosa habari za ndugu zao, wenye biashara wakala hasara. Lakini katika siku hizo nilimaliza daftari zima la kemia ya kaboni, mazoezi yote, na bado nikapata muda wa kumfundisha mdogo wangu hesabu. Intaneti iliporudi Januari, ujumbe zaidi ya 600 uliingia jioni moja. Niliusoma wote. Mtihani nilikuja kuupita kwa asilimia 53, na kwa hizo mlango wa udaktari haukufunguka. Nalisema upesi kwa sababu bado linaniuma.

Usiku ninaoukumbuka ni wa Machi. Umeme ulirudi karibu saa 6. Mama aliniamsha, lakini hakurudi kulala. Aliketi upande wa pili wa meza na beseni la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wakavu wa kuuza asubuhi, akawa anachambua, waliovunjika anawaweka kando. Alitaka nisisinzie. Nikalisimamisha daftari, simu nikaiegemeza ndani yake. Kidole gumba kikawa kinapandisha picha, kinapandisha. Mvua ilinyesha kidogo juu ya mabati, ikaacha.

"Papa," aliniita bila kuinua macho, "huo ukurasa hauishaka?"

"Ukurasa gani, Mama?"

"Tangu nianze hii beseni sijasikia karatasi ikigeuka."

Kumbe alikuwa ananisikiliza nikisoma. Miezi yote ile, mtu asiyejua herufi alikuwa anazihesabu kurasa zangu kwa sikio. Koo lilinikauka.

"Somo ni gumu, Mama."

"Basi soma polepole."

Hakuna fimbo iliyowahi kuniuma kama maneno hayo. Aliniamini. Nami nilibaki vilevile, simu ndani ya daftari, nikijiambia nitaizima sasa hivi, sasa hivi.

Saa 10 umeme ukakatika. Giza likameza meza, beseni na mikono ya Mama. Uso wangu peke yake ndio uliobaki unang'aa. Kuizima nilichelewa, nilisikia vidole vyake vimesimama ndani ya beseni. Alinitazama kwa muda mrefu, mimi nikitazama chini.

"Leta hiyo taa huku," akasema, "nimalize."

Nikaenda kusimama kando yake, nimeishika simu juu ya beseni. Ujumbe uliendelea kuingia, mstari juu ya mstari. Kila kioo kilipotaka kuzimika nilikigusa kiwake tena, naye akaendelea kuchambua, sambaza mmoja mmoja, hadi alipogusa chini ya beseni.