Kumbukumbu ya mradi: kufuli linalobaki kitu kikishafutwa

Jedwali la miunganisho kwenye kerneli yangu (kiini cha mfumo wa uendeshaji) sasa linasomwa bila kufuli la jumla, na limehimili majaribio ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta, kwa prosesa nne.

Toleo la kwanza lilikuwa na spinloki moja (kufuli ambalo anayelisubiri huzunguka akilijaribu tena na tena) juu ya jedwali zima, kwa hiyo hata prosesa zilizotaka kusoma tu zilipanga foleni. La pili lilitumia RCU (read-copy-update), mbinu iliyoingia kwenye Linux mwaka 2002: msomaji hashiki kufuli lolote, na anayefuta hukitoa kitu kwenye orodha, kisha husubiri wasomaji waliokwisha kuingia watoke ndipo arudishe kumbukumbu. Ni salama, lakini miunganisho huzaliwa na kufa kwa kasi. Iliyokufa ilirundikana ikisubiri, na nafasi iliyokuwa bado kwenye kache ya prosesa ilishaondoka humo kabla ya kutumika tena.

Toleo hili linafuata kile ambacho Linux hukiita SLAB_TYPESAFE_BY_RCU. Nafasi ya muunganisho uliofutwa inaweza kupewa mwingine papo hapo. Kinachosubiri wasomaji ni ukurasa mzima wa kumbukumbu. Mwenye pointa (anwani ya kumbukumbu) ya zamani ana hakika ya jambo moja tu: pale alipoelekezwa pana muunganisho. Ni kama kubisha hodi kwenye chumba cha kupanga: mlango ni ule ule, mpangaji huenda ni mwingine. Hadi mwaka 2017 alama hiyo iliitwa SLAB_DESTROY_BY_RCU, jina lililofanya watu wadhani kila kitu husubiriwa. Jina jipya ni bora mno.

Kiini cha kazi ni hiki, chote kikiwa ndani ya eneo la kusomea la RCU:

```
rudia:
    m = tafuta(ufunguo);
    if (!m)
        return NULL;
    shika(&m->kufuli);
    if (m->umekufa || m->ufunguo != ufunguo) {
        achia(&m->kufuli);
        goto rudia;
    }
```

Ulinganisho unaofanyika ndani ya tafuta() ni wa kupunguza kazi tu. Kati yake na shika() muunganisho unaweza kufutwa na nafasi yake ikajazwa upya, kwa hiyo uthibitisho ni ule unaofanywa kufuli likiwa mkononi.

Hapo ndipo penye uzuri, na penye hatari. Msomaji aliyechelewa anaweza kuwa ameshika kufuli la nafasi ambayo kigawa kumbukumbu kimeshampa mtu mwingine. Ukilianzisha upya kufuli kila unapogawa nafasi, unalifuta akiwa bado amelishika, na wawili wanajikuta ndani kwa pamoja. Kufuli huanzishwa mara moja tu, ukurasa unapoingia kwenye kache ya kigawa, yaani akiba yake ya nafasi za miunganisho (si kache ya prosesa). Kujaza sifuri nafasi nzima ni marufuku. Vilevile anayejaza ufunguo wa muunganisho mpya lazima ashike kufuli kwanza, ingawa bado hajauweka kwenye jedwali. Jeff Bonwick alipoeleza kigawa cha slabu (kinachoweka pamoja nafasi za vitu vya aina moja) cha Solaris mwaka 1994, kubakiza hali ya kitu kati ya matumizi kulikuwa njia ya kuokoa muda. Hapa usahihi wote unasimama juu yake.

Kulikuwa na kona nyingine. Msomaji akiwa katikati ya mnyororo (moja ya orodha nyingi zinazounda jedwali), kitu anachokikanyaga kinaweza kufutwa na kuzaliwa upya kwenye mnyororo mwingine. Akiendelea kukifuata, atafika mwisho usio wake na kusema hakuna, wakati kipo. Nimechukua dawa ya Linux: mwisho wa kila mnyororo hubeba namba ya mnyororo huo badala ya sifuri, biti ya chini kabisa ikionyesha kuwa hiyo si pointa. Namba isipolingana, anaanza upya. Vitu vipya huingizwa kichwani, ili kinachorudi kwenye mnyororo ule ule kisimrushe msomaji mbele.

Kwa majaribio nilibana kache ya kigawa ibaki na ukurasa mmoja na kuweka ucheleweshaji kati ya tafuta() na shika(), ili nafasi zijazwe upya mfululizo. Tawi la goto rudia sasa linapitiwa kila mara, jambo ambalo kwa mzigo wa kawaida halionekani kabisa.

Kinachofuata ni hesabu ya marejeo (idadi ya wanaoutumia muunganisho), kwa wanaohitaji muunganisho baada ya kuachia kufuli. Itaongezwa tu ikiwa haijafika sifuri, kisha ufunguo utakaguliwa tena.